Mcheza Kwao Hutuzwa: Hadhira, Mchango na Uhakiki wa Filamu kwa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeitia katika insha zetu pasipo kujiuliza maswali mawili yaliyojificha ndani yake. La kwanza ni hili: anayetuza ni nani, na kwa nini atuze? La pili ni gumu zaidi: je, ikibainika kwamba ngoma anayoichezea mchezaji ni ya wizi, bado atastahili tuzo? Makala haya yanadhamiria kuyajibu maswali hayo mawili kwa kuzingatia jambo ambalo huenda likaonekana dogo machoni pa baadhi ya wasomi wetu, nalo ni podikasti ya kujadili filamu kwa Kiswahili inayoendeshwa na marafiki wachache na kuwaomba wasikilizaji wake mchango wa fedha.

Naandika nikiwa mmoja wa marafiki hao, kwa hivyo msomaji ana haki ya kunishuku. Jina la kipindi chetu silitaji hapa, wala nambari yetu ya kupokea mchango, ili makala haya yasigeuke tangazo. Ninachokitafuta ni mjadala.

Kwa msomaji ambaye bado hajakutana nayo, podikasti ni kipindi cha sauti kinachorekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti ili msikilizaji akichukue na kukisikiliza kwa wakati wake, awe jikoni, matatuni au kitandani. Neno lenyewe lilianza kutumika katika Kiingereza mwaka 2004. Mwaka uliofuata, marafiki wawili jijini Chicago, Adam Kempenaar na Sam Van Hallgren, walianzisha kipindi cha kujadili filamu ambacho baadaye kilikuja kuitwa Filmspotting. Mmoja wao aliondoka baada ya muda na nafasi yake ikachukuliwa na wengine, lakini kipindi kilidumu, na mwaka 2025 kilitimiza miaka 20. Sehemu ya siri ya kudumu kwake ni wasikilizaji wanaokichangia kutoka mifukoni mwao. Mwaka 2013 ilianzishwa nchini Marekani kampuni ya Patreon, ambayo kazi yake ni kumwezesha msikilizaji, mtazamaji au msomaji kumchangia msanii kila mwezi. Kwa hivyo jambo hili si geni ulimwenguni. Swali ni iwapo lina mahali katika Kiswahili, na kwa masharti gani.

Kundi letu na kazi yake

Sisi tulikuwa wanne. Wawili ni wa fasihi, mmoja ni wa isimu, na wa nne ni mwanafunzi wa uhandisi ambaye aliingia kundini kwa sababu ndiye pekee aliyejua kuondoa mngurumo katika sauti. Urafiki wetu ulianzia bwenini, tulipokuwa tukibishana juu ya filamu hadi jirani wagonge ukuta. Siku moja mmoja wetu akasema kwamba mabishano haya yakifanywa darasani yangeitwa uhakiki. Basi tukachanga, tukanunua kinasa sauti kimoja, tukatundika mablanketi madirishani ili chumba kisitoe mwangwi, tukaanza. Kwa kuwa nyumba tuliyopanga imepakana na karakana ya kuchomelea vyuma, hatuwezi kurekodi kabla ya saa mbili za usiku. Mara kadhaa tokeni za umeme zimetuishia katikati ya hoja.

Kazi hii si mchezo kama inavyodhaniwa. Kipindi cha dakika 50 hutugharimu usiku mmoja wa kutazama filamu na kuandika vidokezo, usiku wa pili wa kurekodi, na siku nzima ya kuhariri. Juu ya hayo pana bando za intaneti, umeme na nauli. Kwa miaka miwili gharama hizo tulizibeba wenyewe, na hatukunung'unika, kwa maana kila kipindi kilitufundisha kitu.

Jambo kubwa lililotufunza ni hali ya istilahi. Mhakiki wa fasihi anayeingia katika filamu kwa Kiswahili hukuta nusu ya nyumba imekwisha kujengwa. Kisengerenyuma, kionambele, taharuki, sadfa, kinaya, jazanda, usawiri wa wahusika na msuko ni dhana tulizozizoea katika riwaya na tamthilia, nazo hukubali kuhamia katika filamu pasipo shida. Nusu ya pili ya nyumba ndiyo iliyobaki uwanja mtupu. Kamera inapomsogelea mhusika polepole hadi uso wake ujaze kioo, tuiteje? Mhariri anapoikata picha moja na kuiunga na nyingine kwa ghafla ili atushtue, tusemeje? Sauti inapoendelea kusikika ilhali msemaji haonekani tena, jina lake ni lipi? Sisi tulijaribu picha ya karibu, mkato na sauti ya nje. Baadhi ya majaribio yetu yalipendwa na wasikilizaji, mengine yakachekwa. Mwanaisimu wetu hushikilia kwamba istilahi haizaliwi kamatini peke yake, bali huzaliwa inapohitajika kinywani mwa mtu aliye katikati ya sentensi. Nami naafikiana naye.

Hali kadhalika, kipindi kilitupa nafasi ya kuisoma upya fasihi yetu. Tulipoijadili Vuta N'Kuvute, filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, tuligawanyika vikali. Mwenzangu mmoja alidai kwamba filamu imempunguza Yasmin, kwa sababu riwaya humruhusu msimulizi kuingia moyoni mwa msichana huyo aliyeozwa mume mzee, nayo filamu haina ruhusa hiyo. Mimi nilijibu kwamba filamu ina njia yake ya kuingia moyoni: uso, kimya, mwanga na rangi. Hatukuafikiana hadi leo. Hata hivyo, baada ya kipindi hicho wanafunzi kadhaa walituarifu kwamba wameitafuta riwaya maktabani. Filamu hiyo, ikumbukwe, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la kimataifa la filamu la Toronto. Kama watu wa Toronto waliweza kuijadili, kwa nini wenye lugha yake tusiijadili kwa lugha yake?

Hadhira haijawahi kuwa ya bure

Baada ya miaka miwili tulifika mahali ambapo ama tuombe mchango ama tufunge kipindi. Tulipotangaza nia ya kuomba, hoja ya kwanza kutujia ilikuwa kwamba jambo hili ni la Wazungu na halina mizizi kwetu. Hoja hii naipinga kwa nguvu zangu zote.

Tuanze na fasihi simulizi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba fanani hana utendaji pasipo hadhira. Hadhira hiyo haiketi kimya. Huitikia, huimba, hupiga makofi, huuliza, na mara nyingi hutoa. Tazama taarab. Msikilizaji huinuka kitini, hujongea jukwaani akicheza kwa madaha, akamtuza mwimbaji noti na kurejea mahali pake. Hakuna aliyemtoza. Aghalabu husubiri ubeti unaomgusa, au ule anaotaka mwenzake aliye ukumbini ausikie vizuri, ndipo atoe. Tuzo yake ni malipo, na wakati huohuo ni kauli. Anasema: haya ni yangu pia.

Tazama redio. Kabla na baada ya Sauti ya Kenya kubadilishwa jina na kuwa KBC mwaka 1989, wasikilizaji wa idhaa ya Kiswahili walinunua kadi za salamu na kuzituma kwa posta ili majina yao na ya jamaa zao yasomwe hewani. Wapo waliojulikana nchi nzima kwa salamu tu. Watu hao hawakuwa matajiri, bali walikuwa wasikilizaji waliotaka kuwa sehemu ya kipindi, na walikuwa tayari kugharimika kidogo ili wawe.

Tazama pia vibanda vya video katika mitaa na miji yetu midogo. Watazamaji wamelipa kiingilio kwa miaka mingi ili waone filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zikisimuliwa juu kwa juu kwa Kiswahili na Sheng, na msimulizi mashuhuri zaidi wa aina hiyo nchini Kenya, DJ Afro, amejipatia jina ambalo wahakiki wengi wenye shahada hawatalipata. Wasomi wetu wamekidharau kibanda. Lakini kibanda kilithibitisha jambo ambalo makongamano yetu bado yanalijadili: kwamba Mkenya yuko tayari kutoa shilingi yake kwa ajili ya neno la Kiswahili lililosemwa vizuri kuhusu filamu.

Maadamu hali ni hiyo, podikasti inayoomba mchango haijaleta desturi ya kigeni. Imeirudisha desturi ya zamani kwa njia ya rununu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mkono wa hadhira unaweza kufika jukwaani kutoka Lodwar au Lamu.

Pingamizi tatu

Sitakuwa mkweli nikiyasema haya bila kuzipima hoja za wanaotupinga. Zipo tatu.

Ya kwanza ilitolewa na mwalimu wangu mmoja ninayemheshimu mno. Aliniambia, "Mwanangu, Kiswahili ni cha kupendwa, si cha kuuzwa." Nilinyamaza kwa adabu. Leo nitamjibu, pia kwa adabu. Mwalimu, hatuuzi lugha. Lugha ni mali ya wote. Tunachoomba kuthaminiwa ni kazi iliyofanywa kwa lugha hiyo, kama vile kitabu kinavyouzwa na mhadhara unavyolipiwa. Kila mara tunapomwambia kijana wa Kiswahili kwamba mapenzi yanatosha, yeye hutazama upande wa pili na kuona mwenzake wa Kiingereza akilipwa kwa kazi ileile. Hatimaye huhama. Kisha sisi hukaa katika makongamano tukiuliza kwa nini vijana wanakihama Kiswahili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Msikilizaji mmoja alituandikia kwamba katika rununu yake ana makundi sita ya michango: matibabu, mazishi mawili, harusi, karo, na paa la kanisa. Akauliza ni kwa uso gani tunajipanga katika foleni hiyo kwa ajili ya sinema. Nakiri kwamba ujumbe huo ulinizuia usingizi. Jibu langu ni kwamba tusijipange katika foleni hiyo hata kidogo. Mchango wa hospitali ni wajibu wa utu; wa kipindi ni hiari ya anayefurahia. Anayechagua kati ya dawa na podikasti na achague dawa, na aendelee kutusikiliza bila kuona haya. Kwa sababu hiyo tulikataa ushauri wa kuvifungia vipindi vyetu ili visikilizwe na waliolipa tu. Hadhira ya Kiswahili ina maskini wengi, na uhakiki unaowafungia mlango hao umepoteza nusu ya maana yake.

Pingamizi la tatu lilitoka miongoni mwetu wenyewe, na ndilo lililotugharimu. Kampuni moja ya kamari ilitufuata ikataka kutudhamini. Fedha walizoahidi kwa mwezi zilizidi tulichotumia kwa mwaka. Sharti lilikuwa moja tu: tuitaje kampuni yao mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kila kipindi, tukiwahimiza wasikilizaji wajaribu bahati. Watatu tulikataa. Wasikilizaji wetu wengi ni wanafunzi, na kila mmoja wetu anamjua aliyecheza kamari kwa karo. Wa nne alitaka tukubali. Alikuwa amehitimu, hana ajira ya kudumu, anafundisha katika shule ya upili kwa mkataba wa bodi, na mshahara huja utakapo. Alituambia maneno ambayo sijayasahau: "Heshima ya Kiswahili hailipi kodi ya nyumba." Kisha akaondoka.

Simlaumu. Wasikilizaji bado humuulizia, kwa maana kicheko chake kilikuwa nusu ya kipindi. Namtaja hapa kwa sababu kuondoka kwake ni hoja yenye nguvu kuliko zote nilizozitoa. Msanii na mhakiki wa Kiswahili asipolipwa na hadhira yake, atalipwa na mwingine, na huyo mwingine hatalipia Kiswahili. Atalipia masikio ya wanaokisikiliza.

Nyani haoni kundule

Sasa nafika katika swali la pili, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika.

Tulianza kuomba mchango mwishoni mwa kipindi kuhusu filamu moja ya Kenya. Tuliitaja nambari, tukaeleza gharama zetu, tukatumia hata methali ya mkono mtupu haulambwi. Siku mbili baadaye tulipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa ameshona mavazi ya waigizaji katika filamu hiyohiyo. Alitupongeza kwa uchambuzi wetu. Alifurahi kwamba tulizungumzia rangi ya kanga ya mhusika mkuu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeichagua, na hakuna aliyewahi kuitaja. Kisha akauliza swali moja: "Wanangu, filamu hii mliitazama wapi?"

Tulitazamana. Tulikuwa tumeinunua kwa shilingi 50 katika kibanda kilicho karibu na lango la chuo, ambako kijana huwekea wateja filamu kwenye flashi. Ilikuwa nakala ya wizi. Wala haikuwa ya kwanza. Tulipohesabu, tuligundua kwamba zaidi ya nusu ya filamu tulizozijadili kwa miaka miwili tulizipata kwa njia hiyo. Mama yule alitueleza, pasipo hasira, kwamba alilipwa sehemu tu ya ujira wake, na iliyobaki aliahidiwa filamu itakapouzwa. Haikuuzwa. Kila mtu alikuwa nayo tayari.

Naam, nyani haoni kundule. Sisi tuliokuwa tukiwaambia wasikilizaji kwamba kazi ya sanaa ina gharama, tulikuwa hatujalipa gharama ya kazi ya sanaa tunayoishi kwa kuizungumzia. Tuliomba tutuzwe kwa kucheza ngoma ya wizi.

Wapo watakaosema kwamba nazidisha chumvi. Mmoja wetu alijitetea kwamba filamu nyingi za Afrika Mashariki hazipatikani popote kwa njia halali: hazionyeshwi majumbani mwa sinema, ambayo yenyewe yamebaki machache na yamejaa filamu za Marekani, hazimo katika maktabu zetu, na baada ya kuzunguka katika matamasha hupotea. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, tulipozipitia filamu zetu moja baada ya nyingine, tulikuta kwamba nyingi zingepatikana kihalali kama tungejisumbua kutafuta. Wizi wetu ulitokana na uzoefu, haukutokana na uhaba. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humruhusu mhakiki kunukuu sehemu ya kazi kwa ajili ya uhakiki mradi aitaje kazi yenyewe na mwenyewe. Haimruhusu kuanzia na nakala iliyoibwa.

Nilikumbuka wakati huo filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, ambayo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania tuzo za Oscar. Mhusika wake mkuu, Mwas, tunakutana naye kijijini akiuza filamu, akiwaigizia wateja matukio yake kwa mbwembwe ili wanunue. Kila mara nilipoitazama nilimwona Mwas kama kijana mwenye ndoto ya uigizaji. Baada ya ujumbe wa yule mama, nilimwona upya. Mwas ni sisi. Anaipenda filamu kwa dhati, anaijua kwa moyo, anaieneza kwa kipaji chake, na anaposimama pale barabarani aliyeitengeneza hayumo kabisa katika hesabu yake. Mapenzi ya kazi ya sanaa na kumheshimu aliyeifanya ni mambo mawili tofauti, na mtu anaweza kuwa na la kwanza kwa miaka mingi bila kulifikia la pili.

Masharti tuliyojiwekea

Tulinyamaza kwa wiki tatu. Tuliporudi hewani, tulisema yote, kama nilivyoyasema hapa. Wapo waliotuacha. Kisha tulijiwekea masharti manne, ambayo nayapendekeza kwa yeyote anayetaka kuomba tuzo ya hadhira.

Mosi, filamu ilipiwe kwanza. Shilingi ya kwanza inayoingia hununua tiketi au nakala halali ya filamu itakayojadiliwa. Umeme na bando hufuata. Sisi huja mwisho. Filamu isiyopatikana kihalali tunamwandikia mwongozaji au mtayarishaji wake tukiomba ruhusa ya kuitazama. Baadhi hawajibu. Waliojibu walifurahi, na wawili walikubali kuhojiwa.

Pili, hesabu ziwe wazi. Mwisho wa kila mwezi tunasoma hewani kilichoingia na kilichotoka. Mwezi wa kwanza tulipokea shilingi 2,350 kutoka kwa watu 14. Wengi walituma 50 au 100. Haba na haba hujaza kibaba, ingawa kibaba chetu bado hakijajaa.

Tatu, tuzo isinunue hukumu. Msikilizaji mmoja alituma shilingi 1,000 akifuatisha ombi kwamba tusiikosoe filamu ya jamaa yake. Tulimrudishia fedha zake na tukaikosoa filamu kwa haki, tukiutaja uzuri wake na udhaifu wake. Mwimbaji wa taarab hutuzwa kwa wimbo alioutunga. Akianza kutunga kwa kufuata noti, hata anayemtuza huacha kumwamini.

Nne, asiyetoa asibaguliwe. Kipindi hubaki wazi kwa wote.

Masharti haya hayajatutajirisha, wala hayajamrudisha mwenzetu wa nne. Mwanzoni mwa muhula huu tulikuwa na akiba ya filamu mbili tu. Lakini yule mama mshonaji sasa hutusikiliza, na miezi michache iliyopita jina lake lilikuwa katika orodha ya waliochangia: shilingi 50. Nilipoliona sikujua nicheke au nione aibu. Ilikuwa bei ileile ya ile flashi.

Wito kwa chama na walimu

Ninamalizia na sisi wenyewe, wasomaji wa jarida hili.

Walimu wangu wanisamehe. Najua kwamba vipindi vyetu, pamoja na vya vijana wengine wanaofanya kazi kama hii, hutumiwa madarasani katika kozi za fasihi na mawasiliano, maana wanafunzi hutuambia. Jambo hilo hutufurahisha kupita kiasi. Lakini kati ya wale 14 wa mwezi wa kwanza, hakuna hata mmoja niliyemtambua kuwa mhadhiri, na tangu hapo nimemtambua mmoja tu. Mhadhiri anayetumia kitabu hukinunua, au humwagiza mwanafunzi akinunue. Kwa nini uhakiki wa sauti uhesabiwe kuwa umeokotwa njiani?

Napendekeza mambo matatu. Chama chetu kiandae kila muhula maonyesho ya filamu moja ya Kiswahili kwa idhini ya wenyewe, kiingilio kiwe kidogo, na fedha zigawanywe kati ya waliotengeneza filamu na watakaoijadili. Pili, idara zetu zihifadhi katika maktaba nakala halali za filamu zilizotokana na fasihi ya Kiswahili, ili kisingizio cha uhaba kife. Tatu, watafiti wa istilahi wazisikilize podikasti hizi wakiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa humo mna maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote, na mengine yatakufa yasipochukuliwa mapema.

Na kwa vijana wenzangu walio na kinasa sauti na blanketi la dirishani, nasema hivi: ombeni. Msione haya kuomba, kwa kuwa aliyewatangulia jukwaani alituzwa na hakuona haya. Ila kabla hamjaitaja nambari yenu, jiulizeni swali la yule mama. Filamu hii mliitazama wapi? Mkiweza kulijibu hewani bila kutazamana, semeni nambari kwa sauti kubwa.

Mcheza kwao hutuzwa, nasi tunataka kutuzwa. Basi ngoma na iwe yetu, au tuwe tumeilipia.